Upekecho wa Umeme

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mama amerudi kutoka hospitali, meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa waya. Alikuwa amepanda bodaboda, tairi likateleza juu ya reli iliyolowa pale Namuwongo, na taya likavunjika mahali pawili. Waya zitakaa wiki sita. Daktari alinieleza mimi badala ya kumweleza yeye, kosa ambalo Mama hajalisamehe: kila chakula kipite kwenye mrija, kiwe laini kabisa, na kiwe kizito cha kumjenga mtu. Jino moja la pembeni liling'oka katika ajali, na pengo hilo ndilo limekuwa mlango wa chakula chake.

"Akiendelea kupungua," daktari akasema, "tutamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani."

Mama yangu ni Sajini Ayaa. Kazi yake ni kuwafundisha makuruta wa polisi gwaride, na sauti yake ndiyo chombo chake cha kazi. Leo ameniita kwa kugonga kikombe na kijiko. Nilipomweleza habari ya mpira wa puani, alisema bila kufungua meno, kwa kile Kiswahili chake cha kambini:

"Mimi hapana ng'ombe."

Alhamisi, 3 Aprili

Uji wa mtama. Alivuta mara tatu akausukuma pembeni. "Uji ni ya mtoto na ya mtu anakufa. Sasa mimi ni nani?"

Jumamosi, 5 Aprili

Shangazi Rukiah amekuja. Ni dada wa marehemu baba yangu Latif, Mnubi wa Kisugu hii hii tunakoishi, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mama ni Mkatoliki wa Kitgum, kule kaskazini. Ndoa ile ilipofungwa, nasikia, pande zote mbili zilivaa nyuso za msibani. Shangazi haji mara kwa mara, na akija macho yake hupita kwanza kwenye masufuria.

"Wifi," akamwambia Mama, "umekuwa mwembamba kama mtutu wa bunduki."

Kisha akanigeukia. "Binti ya Latif, unampa nini huyu?"

Nikamwambia uji, mchuzi uliochujwa, maziwa. Akaguna. Mguno ule nimebaki nao mchana kutwa. Nadhani anakuja kuona ninavyoshindwa, apate la kusimulia.

Mama anavaa mkanda wake wa kazi juu ya gauni la nyumbani, kila siku. Anasema mgongo umeuzoea. Mimi naona anajipima.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo Mama ameomba chakula kwa mara ya kwanza. "Ile kitu ya Wandegeya," alisema.

Nilielewa papo hapo. Nilipokuwa chuoni alikuwa akinitembelea hosteli ya Wandegeya akiwa na sare na buti, wanafunzi wakimpisha kwenye ngazi. Kisha tulikwenda kwenye kibanda kimoja karibu na soko tukanywa milksheki, glasi ndefu, nzito hata mrija ulisimama wenyewe. Ni kitu kitamu pekee ambacho hajawahi kukiita cha kitoto. Alikuwa akinywa ameketi wima, kama aliye kazini.

Baada ya vipindi vyangu vya shuleni nimekwenda Wandegeya kuinunua. Foleni na mvua vilinishika njiani, na nilipofika nyumbani ilikuwa maji ya rangi ya waridi. Mama alitia mrija, akavuta, akaniangalia kwa huruma. Huruma! Afadhali angenifokea.

Basi nimeamua. Milksheki zitatengenezwa humu ndani, asubuhi, mchana na jioni, na huyu mwanamke hatawekewa mpira wowote puani. Ninachohitaji ni mashine.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesoma maoni ya wanunuzi mtandaoni mpaka macho yakawasha. Nimechora jedwali: nguvu ya mota, idadi ya visu, ukubwa wa jagi, dhamana. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sijui lolote kuhusu mota, lakini najua kusoma. Blenda moja imezishinda zote kwa kila safu. Inasaga barafu. Mtu mmoja ameandika kwamba inaweza kusaga mbegu ya parachichi. Nikawaza: kama inaiweza mbegu ya parachichi, itashindwaje na taya la mama yangu? Nimesoma tena sentensi hiyo sasa hivi, haina maana, lakini ndivyo nilivyowaza.

Jumatano, 9 Aprili

Imefika. Nyeusi, nzito, jagi la kioo, visu sita. Nimeiweka mezani na sikuacha kuitazama nilipokuwa nikisahihisha insha.

Alhamisi, 10 Aprili

Aibu. Niandike yote.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitia maziwa, ndizi mbivu mbili za bogoya, karanga za kukaanga na barafu. Nikabonyeza. Mashine ilinguruma kama lori linalopanda mlima, Mama akasimama kitandani, na taa zikazimika. Redio ya jirani ikanyamaza. Ua wetu wote wa vyumba vya kupanga unatumia mita moja na swichi kuu moja, na sasa vyumba vyote vilikuwa gizani.

Mlango ukagongwa. Ni Kidega, koplo wa chumba cha pili, shati la sare juu, taulo chini, mkononi suruali iliyonyooshwa mguu mmoja tu.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Ni mashine."

"Mashine ya nini, ya kuchimba kisima? Mimi napiga pasi, wewe nawasha trakta! Nitaenda kazini na mguu moja?" Akachungulia ndani, akamwona Mama, akajikaza wima papo hapo, na taulo lake. "Afande! Pole, Afande. Umelala vizuri?"

Mama alisema kitu kati ya meno. Nilidhani anamkemea. Kumbe alikuwa anacheka, na waya zinamuuma akicheka, akawa anashika shavu na mabega yanatikisika.

Kidega akaenda kurudisha swichi. Tumekubaliana kwamba pasi ikifanya kazi, mashine inalala. Lakini polisi wanapiga pasi kila alfajiri, na Mama anatakiwa anywe kabla sijaondoka kwenda shule.

Ijumaa, 11 Aprili

Karanga hazisagiki sawasawa. Zinabaki chembe ndogo zinazoziba mrija, na zile zinazopita hukwama kwenye waya. "Hii iko na mchanga," Mama anasema.

Jumapili, 13 Aprili

Nimechuja kwa kitambaa. Chembe zimekwisha, na utamu umekwisha nazo. Kilichobaki ni maji ya moto moto yenye povu, maana visu vikizunguka sana vinapasha maziwa. Alikunywa nusu glasi kwa adabu. Mama yangu na adabu jikoni! Ni dalili mbaya.

Jumatatu, 14 Aprili

Kliniki. Amepungua tena, na si kidogo. Daktari aliandika huku akiongea, hakunitazama. "Nampa mpaka tarehe ishirini na nane. Mizani isipopanda, tunamlaza siku hiyo hiyo."

Nyumbani Mama alichukua msumari, akaupasha moto kwenye sigiri, akatoboa mkanda wake tundu jipya, ndani zaidi. Hakuniomba nisaidie. Harufu ya ngozi iliyoungua ilikaa chumbani mpaka jioni, na mvua ikapiga mabati hata hatukuweza kuzungumza.

Nimekuwa nikidhani najua jinsi ya kumpenda mtu: unasoma, unapanga, unachagua kilicho bora kabisa. Nilimchagulia kilicho bora kwa kusaga barafu. Nani alisema Mama anahitaji barafu isagwe?

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Uji. Hakumaliza.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi kwa furaha.

Mama mdogo ametuma kifurushi cha Pasaka kwa basi la Kitgum: kopo la odii. Huko kwao ufuta na karanga husagwa pamoja juu ya jiwe, mtu amepiga magoti, anasukuma na kurudisha mpaka unga unageuka mafuta mazito yanayong'aa. Mama alifungua kopo, akanusa, akalifunga haraka kama mtu aliyeona picha ya nyumbani akiwa mbali. "Yako hiyo," akaniambia. "Kula na mkate."

Wakati huo Shangazi Rukiah alikuwa jikoni kwetu. Alikuja na mlenda wake, akawasha sigiri bila kuuliza, anapika mula, mchuzi mzito wa Kinubi, ya kula na gurusa, chapati zao laini. Nilikuwa nimekasirika. Mtu hawezi kutafuna, wewe unapika mbele yake! Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, natafuta neno la heshima la kumfukuzia.

Mula ilipochemka alichomoa upekecho wake kwenye kikapu. Ni kijiti kirefu chenye matawi mafupi mwishoni, hakuna nyumba ya Kinubi isiyokuwa nacho. Akakitumbukiza chunguni, akakishika kati ya viganja, akaanza kupekecha: mbele, nyuma, mbele, nyuma, bangili zikilia. Na ule mlenda ulioganda mabonge ukalainika, ukavuta, ukawa kitu kimoja.

Nimemwona akifanya hivyo tangu utoto wangu. Leo niliona.

Upekecho haukati kitu. Hauna kisu. Unachofanya ni kuunganisha. Na odii tayari imesagwa! Kazi ya visu imekwisha kufanywa na magoti ya mama mdogo, juu ya jiwe, na hakuna mota duniani itakayoifanya vizuri zaidi. Mimi nilinunua kinu wakati nilihitaji upekecho.

"Shangazi, nipe hicho."

"Kimechafuka na mula, wewe. Una nini? Macho yamekutoka."

"Kioshe, nakuomba. Tafadhali."

Nilitia maziwa baridi kwenye jagi, bogoya niliyoiponda kwa uma mpaka ikawa kama mafuta, vijiko viwili vya odii, asali. Nikapekecha. Yakaniruka usoni.

"Unapekecha kama unapangusa mikono," Shangazi akasema. "Toka." Akaketi, akabana jagi kati ya magoti, akaanza. Povu likapanda, rangi ikawa kama ya mchanga wa mtoni, na alipoinua kijiti kikadondosha uzi mzito usiokatika.

Tukampelekea Mama. Akatia mrija kwenye pengo. Akavuta. Akafumba macho.

Hatukupumua, mimi wala Shangazi. Mrija ulipiga ile kelele ya glasi tupu, na Mama akaendelea kuvuta hewa, akitafuta lililobaki pembeni.

"Ingine," akasema.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Glasi nne! Lakini viganja vya Shangazi vimevimba, naye hana tena miaka ishirini. Anafunga vitambaa na kuendelea. Nilipomwambia apumzike akanijibu, "Nani atapekecha? Wewe unayejirushia usoni?"

Kwa hiyo bado nahitaji mashine. Ila sasa najua ninachotafuta: upekecho unaozungushwa na umeme, wenye nguvu ndogo isiyogombana na pasi ya Kidega. Jedwali langu nimelikunja nikawashia sigiri.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda mjini na mfuko wenye chupa ya maziwa, kopo la odii, bogoya iliyopondwa na mrija. Nimeamua sitasoma tena maoni ya mtu yeyote. Mashine itafanya kazi mbele yangu au itabaki dukani.

Duka la kwanza walinionyesha blenda yenye kibandiko cha glasi ya milksheki. "Nyabo, hii ni blenda, ni ya juisi, ni ya milksheki, zote ndani." Nikatoka. Duka la pili hawakuruhusu nifungue chupa.

La tatu lilikuwa la kijana anayeitwa Sulaimani, ana kofia ya kufuma na mdomo usiotulia. Alikuwa na aina tatu kweli kweli: kijiti cha betri, mashine ndogo ya plastiki, na moja yenye kitako kizito na kikombe cha chuma, ambayo fimbo yake inashuka kutoka juu ikiwa na kisahani cha mikunjo mwishoni. Nilipoiona hiyo fimbo moyo ulinipiga. Lakini nilikwisha kupenda mashine moja kwa macho, sikutaka kurudia.

"Chomeka zote," nikasema.

"Sista, mashine ni mpya, zitachafuka."

"Nitaziosha mwenyewe. Mama yangu amefungwa taya. Nikikosea tena analazwa Jumatatu."

Akaivuta kofia yake nyuma. Kisha akaita, "Leteni waya!"

Kijiti cha betri kiliingia kwenye odii, kikazunguka mara mbili, kikafa. "Hiyo ni ya kahawa," Sulaimani akasema. Mashine ya plastiki ilijitahidi, ikaanza kunuka, na odii ikabaki imelala chini kama tope. Watu wawili waliokuwa wakiangalia pasi wakasogea kwetu.

Ya tatu nilitia mimi mwenyewe: maziwa kwanza, ndizi, odii mwisho. Nikaweka kikombe mahali pake. Ikaanza kwa sauti ya nyuki, si ya lori. Nikaona kisima kinajichimba katikati ya maziwa, odii ikachukuliwa kutoka chini, ikavutwa, ikapotea ndani ya weupe. Nikaongeza mwendo. Kikombe kikaota umande kwa nje.

Nikatoa mrija. Nikabana meno kama Mama, nikaupitisha pembeni, nikavuta mbele ya watu wote.

Ilipita. Haikukwama, haikuwa na mchanga. Ilikuwa nzito, baridi, na tamu kwa namna ambayo Wandegeya hawajawahi kuifikia.

"Unalia?" Sulaimani akauliza.

"Inatumia wati ngapi?"

Akapindua mashine, akasoma. Ni robo ya pasi, hata haifiki! Nilicheka kwa sauti dukani, mimi, ambaye wanafunzi wangu hawajawahi kuyaona meno yangu. Sulaimani akajimiminia kilichobaki, akaonja, akaonja tena.

"Sista, hii kitu inaitwa nini?"

"Inaitwa Kitgum."

Jumatano, 23 Aprili

Saa kumi na mbili. Niligonga mlango wa Kidega. "Washa pasi."

"Mwalimu, na ile trakta yako..."

"Washa, iwe moto kabisa."

Nikarudi mbio, nikabonyeza. Nyuki akaimba. Taa haikupepesa hata mara moja. Kutoka chumba cha pili nikasikia, "Mwalimu! Miguu yote miwili!"

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua kubwa. Glasi tano. Anasema ya jioni izidi odii.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama alipanda mizani na buti. Daktari akamwambia avue. Akavua, akapanda tena, kifua mbele, macho ukutani. Mimi niliangalia sakafu.

"Imepanda," daktari akasema. Akaigonga mizani, akamwomba ashuke na apande upya. "Imepanda vizuri. Mnampa nini?"

Mama akajibu kabla yangu, meno yamebana, kila neno limenyooka: "Mtoto yangu. Nachagua. Mashine."

Daktari akafuta kitu alichokuwa amekwisha kuandika. Tulipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha na hatukukimbia.

Jumanne, 6 Mei

Nimerudi mapema shuleni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, Shangazi Rukiah nyuma yake, anamsuka. Taratibu, maana upande ule wa kichwa bado unauma. Kumbe amekuwa akija kila siku ninapokuwa darasani. Hakuna aliyeniambia. Kwenye meza kulikuwa na kikombe cha chuma na mirija miwili.

Nikamuuliza Shangazi jikoni, kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Latif angekuwepo angekuja yeye. Hayupo, nimekuja mimi." Akachukua kikombe akakiosha. "Na hiyo mashine yako inafanya povu nyingi mno. Upekecho ni bora."

Nikasema ndiyo, Shangazi. Halafu nikamwona anaiwasha mashine, anajitengenezea nyingine.

Jumatano, 14 Mei

Leo waya zimetolewa.

Tuliporudi ua mzima ulikuwa umejipanga. Kidega amechinja kuku, amempika mwenyewe kwa odii, anamshikilia kwenye sinia kama zawadi ya mshindi. Shangazi ameleta gurusa. Kila mtu alikuwa anangojea aone Sajini Ayaa akitafuna.

Mama akaketi. Akachukua paja la kuku, akalileta mdomoni, na mdomo ukafunguka upana wa kidole kimoja, ukagoma. Akajaribu tena. Taya limelala wiki sita, daktari alikuwa ametuonya kwamba litaamka polepole, lakini katika furaha sote tulisahau. Kidega alikuwa na uso wa mtu aliyemtukana mkubwa wake.

Mama akalirudisha paja kwenye sinia. Akaniangalia.

"Husnah. Mashine."

Sijawahi kutembea kwa fahari kama nilivyotembea zile hatua chache kwenda mezani. Maziwa, ndizi, odii. Kidega, bila kuambiwa, akaenda kuiwasha pasi yake, kwa heshima tu, na taa ikabaki imesimama. Nilipomletea Mama nilitia mrija. Akautoa, akauweka juu ya meza. Akainua kikombe chenyewe, akanywa kwa mdomo wake, mafunda makubwa makubwa, mpaka chuma kikafunika uso, na alipokishusha alikuwa na masharubu meupe.

Akasimama. Akafungua mkanda juu ya gauni, akalipita tundu la msumari, akalipita na lile la zamani lililofuata, akafunga kwenye nafasi yake ya siku zote. Akaenda mlangoni. Akavuta pumzi ndefu.

"Mguuu... SAWA!"

Njiwa waliruka juu ya mabati. Kidega akabana visigino, sinia na kuku kifuani. Mtu upande wa pili wa barabara alisimama na ndoo yake. Na mimi, mwenye shahada, niliyezaliwa ndani ya sauti hiyo na kudhani nimeichoka, nilisikia kisigino changu kikigonga sakafu.

Mama akatukagua sote, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Akapangusa masharubu kwa kiganja. Kisha akaninyooshea kikombe.

"Jaza tena."